CCM na Jubilee wakati wa korona: ulinganisho kwa anayepima chama cha kukipa kura

Tarehe 1 Februari 2021, waziri wa afya wa Tanzania, Dkt. Dorothy Gwajima, aliwaambia waandishi wa habari jijini Dodoma kwamba wizara yake haikuwa na mpango wa kupokea chanjo za korona. Kilichoonyeshwa mbele ya kamera ni jinsi ya kuandaa kinywaji cha tangawizi, vitunguu na malimao. Mwisho wa Julai mwaka huohuo, wizara hiyohiyo chini ya waziri huyohuyo ilikuwa inawaita watu vituoni wakachanjwe. Chama tawala nyakati zote mbili kilikuwa CCM, ilani ileile ya 2020, itikadi ileile ya Ujamaa na Kujitegemea.

Basi anayetaka kupima chama kwa itikadi yake peke yake ana kazi. Hapa naiweka CCM ya 2020 kando ya Jubilee ya Kenya, kisha naiweka CCM kando ya CCM yenyewe, kwa faida ya yeyote ambaye siku moja atasimama kwenye kituo cha kupigia kura akijiuliza hawa watafanya nini ugonjwa ukiingia. Niseme mapema ninakoelekea. Itikadi huamua chama kitasema nini kuhusu ugonjwa, na mara nyingi huamua nani ataumia kwanza. Lakini ugonjwa utafichwa kwa muda gani, hilo huamuliwa na jambo jingine: kama yupo mtu, ndani ya chama au nje yake, anayeweza kumbishia mkubwa na bado akalala nyumbani kwake usiku huo.

Walianza pamoja

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, Tanzania tarehe 16, kupitia waziri Ummy Mwalimu. Ndani ya wiki moja nchi zote mbili zilikuwa zimefunga shule. Ndoo za maji na sabuni zikapangwa milangoni mwa maduka. Daladala za Dar es Salaam zikaambiwa zibebe abiria waliokaa tu, ikawa "level siti", na matatu za Nairobi zikapunguziwa abiria. Aliyesafiri kati ya miji hiyo katikati ya Machi asingeona tofauti kubwa. Tofauti ilianza wiki ya mwisho ya mwezi, na hapo ndipo kila chama kilipofungua kinywa chake chenyewe.

Kila chama na lugha yake

CCM ilikuwa na lugha tayari. Kujitegemea ni neno la Azimio la Arusha la 1967, na kwa historia yake lilikuwa rafiki wa afya ya jamii. Mwaka 1973 serikali ya TANU, chama kilichoitangulia CCM, iliendesha kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya": watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili malaria na kuhara, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo. Hiyo ni itikadi ikifanya kazi iliyoahidi kufanya.

Miaka 47 baadaye neno lilelile lilibeba mzigo tofauti. Rais John Magufuli alikuwa ameshalipa sura ya vita ya kiuchumi tangu 2017, pale serikali yake ilipogombana na kampuni ya madini ya Acacia juu ya makinikia ya dhahabu. Kwa miaka mitatu wananchi walifundishwa kwamba anachokileta beberu kina mtego ndani. Korona ilipoingia, kila kitu chake kilitoka nje: vipimo, miongozo, baadaye chanjo. Haikuhitaji kikao cha kamati kuu kuamua vitazamwe kwa jicho gani. Tarehe 22 Machi 2020, akiwa kanisani Dodoma, Rais alisema nyumba za ibada hazitafungwa kwa kuwa huko ndiko uponyaji uliko. Tarehe 17 hadi 19 Aprili zikawa siku tatu za maombi ya kitaifa. Watu wakapiga nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke, waziri wa mambo ya nje akasafiri Madagascar kufuata dawa ya mitishamba, na tarehe 27 Januari 2021, akiwa Chato, Rais akaionya wizara isikimbilie chanjo za wenzetu kana kwamba sisi ni watu wa kujaribiwa.

Jubilee haikuwa na lugha ya namna hiyo. Kiliundwa Septemba 2016 kwa kuunganisha vyama kadhaa ili kumrudisha Uhuru Kenyatta Ikulu, na aliyewahi kukiuliza itikadi yake alipewa orodha ya miradi: Ajenda Kuu Nne, mojawapo ikiwa afya kwa wote. Wakenya wengi watakuambia vyama vyao havina itikadi. Mimi sikubaliani nao. Chama kisichoandika itikadi huionyesha siku kinapobanwa, na ya Jubilee ilionekana yote katika hotuba moja ya tarehe 25 Machi 2020.

Katika hotuba hiyo Rais Kenyatta alishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, akawaondolea kodi ya mshahara wanaopata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi, na akashusha kiwango cha juu cha kodi hiyo kutoka asilimia 30 hadi 25. Papo hapo akatangaza kafyu kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Sasa tazama nani alipewa nini. Mwenye hati ya mshahara alipata nafuu hata kama mshahara wenyewe ulikuwa mnono. Mama mboga ambaye biashara yake huchangamka saa moja jioni, watu wakitoka kazini, alipata kafyu. Biashara rasmi, wakopeshaji wa nje na utulivu barabarani vilitangulia. Hao ndio Jubilee iliowasikia kwanza. Mei 2020 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliipa Kenya mkopo wa dharura wa dola milioni 739, bila ubishi mwingi, kwa kuwa Nairobi ilikuwa inafuata utaratibu ambao wakopeshaji waliutambua.

Rungu

Kafyu ilianza tarehe 27 Machi. Jioni hiyohiyo, kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, polisi waliwafyatulia mabomu ya machozi na kuwapiga watu waliokuwa kwenye foleni ya feri, yaani watu waliokuwa wanajaribu kufika nyumbani kabla ya saa. Siku chache baadaye Nairobi, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko. Rais aliomba radhi kwa ukatili wa polisi, na Chama cha Wanasheria kikaenda mahakamani. Mnamo Aprili Mahakama Kuu iliiacha kafyu isimame, lakini ikalaani nguvu iliyotumika. Kafyu yenyewe iliendelea hadi tarehe 20 Oktoba 2021, Sikukuu ya Mashujaa, karibu miezi 19.

Kulikuwa pia na karantini ya kulazimishwa ambayo aliyewekwa humo alidaiwa gharama. Mtu akikutwa nje wakati wa kafyu aliweza kujikuta huko. Hapo afya iligeuka adhabu, na ugonjwa ukawa kesi. Ukitaka watu wasijitokeze kupimwa, hiyo ndiyo njia.

Tanzania haikuwa na kafyu. Dereva wa bodaboda wa Mbagala na mama lishe wa Buguruni waliendelea kutafuta riziki, na sitajifanya hilo lilikuwa jambo dogo. Hoja ya kwamba nchi ya watu wanaokula walichopata leo haiwezi kujifungia kama nchi ya watu wenye akiba ilikuwa hoja ya kweli, na wataalamu kadhaa Afrika waliikubali baadaye. Shule zote zilifunguliwa tarehe 29 Juni 2020. Kenya ilirudisha baadhi ya madarasa Oktoba na wanafunzi wote Januari 2021. Kwa mzazi, tofauti ya miezi sita ni kubwa. Uchumi wa Tanzania ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020, wa Kenya ukapungua kwa asilimia 0.3. Haya ni ya kuhesabiwa upande wa CCM, na anayelinganisha kwa haki asiyaruke.

Takwimu

Hapa ndipo nitakaa.

Tarehe 29 Aprili 2020 Tanzania Bara ilitoa takwimu zake za mwisho. Zikijumlishwa na za Zanzibar zilizokuja Mei, nchi iliganda kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na ikabaki hapo kwa zaidi ya mwaka. Tarehe 3 Mei Rais alieleza akiwa Chato kwamba sampuli za papai, mbuzi, kware na hata oili ya gari zilipelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu, na baadhi zikarudi na korona. Siku iliyofuata mkuu wa maabara akasimamishwa kazi. Kipimo kikishukiwa, hurekebishwa na kazi ya kupima ikaendelea. Hapa kilichorekebishwa ni utangazaji: ulikoma. Julai kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zikakataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka.

Tangu hapo watu walikufa kwa "changamoto ya upumuaji". Kila aliyekuwa na simu Dar es Salaam mapema 2021 anakumbuka jinsi maneno hayo yalivyotumika kwenye matangazo ya misiba ya WhatsApp, na jinsi kila mtu alivyoelewa. Chama kilichovunja ukimya kilikuwa ACT-Wazalendo, kilichotangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alikuwa ameambukizwa korona. Alifariki tarehe 17 Februari 2021. Siku hiyohiyo akafariki Katibu Mkuu Kiongozi, John Kijazi. Kabla ya hapo, Mei 2020, Chadema iliwaambia wabunge wake wajitenge baada ya wabunge watatu kufariki ndani ya wiki mbili bila sababu kutangazwa kuwa korona. Spika Job Ndugai aliwataka warudi bungeni au warudishe posho, na wanne waliomsikiliza Spika wakafukuzwa na Chadema. Tukio hilo linanifurahisha kwa namna ya huzuni: chama tawala kiliadhibu tahadhari, chama cha upinzani kikaadhibu ukaidi dhidi ya tahadhari, na katika pande zote mbili mbunge hakuwa na ruhusa ya kuwa na maoni yake.

Kenya, kila alasiri, waziri Mutahi Kagwe au mmoja wa maofisa wake alisimama kusoma idadi: waliopimwa, walioambukizwa, waliofariki, kaunti gani. Watu walimchoka, wakamtania. Lakini takwimu zilitoka, na zilipotoka zikaweza kubishiwa. Watafiti wa afya wa KEMRI-Wellcome walipima damu ya wachangiaji kati ya Aprili na Juni 2020 wakakadiria kwamba zaidi ya asilimia 4 ya Wakenya walikuwa tayari na kingamwili, wakati walioripotiwa na serikali walikuwa elfu chache. Yaani hesabu rasmi ilikuwa sehemu ndogo mno ya ukweli. Serikali haikumfukuza mtu kwa kusema hivyo. Utafiti ulichapishwa, mjadala ukahama kutoka "je, upo?" hadi "mbona vifo ni vichache kuliko tulivyoogopa?", swali lenye manufaa zaidi.

Uwazi huohuo ndio ulioibua kashfa ya KEMSA, wakala wa dawa na vifaa tiba wa serikali: ununuzi wa shilingi bilioni 7.8, barakoa na mavazi ya kujikinga kwa bei za ajabu, kampuni zilizochipuka juzi. Wakenya wakawabatiza wahusika mabilionea wa Covid. Agosti 2020 Rais akataka uchunguzi ukamilike kwa siku 21. Msomaji atasema: basi uwazi ulisaidia nini kama pesa ziliibwa? Uliwasaidia Wakenya kujua ziliibwa. Nchi isiyokuwa na korona kwenye karatasi haiwezi hata kuwa na kashfa ya barakoa.

Na hapo kuna jambo lisilosemwa sana. Tangu Uhuru na kiongozi wa upinzani Raila Odinga walipopeana mikono ya maridhiano Machi 2018, upinzani wa kibunge Kenya ulikuwa umelala kitanda kimoja na serikali. Takwimu hazikulindwa na chama chochote. Zililindwa na magazeti, mahakama, watafiti, na magavana wa kaunti ambao Katiba ya 2010 imewakabidhi hospitali. Jubilee haikuwa na wema wa pekee. Iliishi kwenye nyumba yenye madirisha ambayo haikuyatoboa yenyewe na isingeweza kuyaziba.

CCM kando ya CCM

Tarehe 19 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais baada ya kifo cha Magufuli. Tarehe 6 Aprili alisema ataunda kamati ya wataalamu, kwa kuwa nchi haiwezi kujitenga kama kisiwa. Mei kamati ikatoa mapendekezo. Tarehe 24 Julai zikapokewa dozi zaidi ya milioni 1 za Johnson & Johnson kupitia Covax, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, na tarehe 28 Julai Rais akachanjwa hadharani Ikulu. Septemba IMF ikaidhinisha dola milioni 567 hivi, na kutokana na mkopo huo wa shilingi trilioni 1.3 vikajengwa, pamoja na mambo mengine, vyumba 15,000 vya madarasa. Vijijini vinaitwa mpaka leo madarasa ya UVIKO, jina rasmi la korona kwa Kiswahili. Ugonjwa uliokuwa haupo uliacha majengo.

Wengi husimulia mabadiliko hayo kama ushindi wa sayansi. Kwa sehemu, ndiyo. Ila tazama jinsi yalivyofanyika. Askofu Josephat Gwajima, mbunge wa Kawe kwa tiketi ya CCM, alihubiri dhidi ya chanjo, akaitwa kwenye kamati, na Agosti 2021 Bunge likamsimamisha mikutano miwili. Mimi naona alikuwa anapotosha. Hata hivyo, mwaka mmoja nyuma maneno yake yangekuwa sera ya serikali, na wenzake waliompigia makofi ya kumsimamisha walikuwa wa chama kilekile kilichopiga makofi papai lilipopimwa. Kauli ilibaki moja. Ilibadilika tu imesemwa na nani.

Burundi ilipita njia hiyohiyo kwa haraka zaidi: Mei 2020 serikali ya CNDD-FDD ilimfukuza mwakilishi wa WHO kabla ya uchaguzi, Pierre Nkurunziza akafariki Juni, na mrithi wake Évariste Ndayishimiye, wa chama hichohicho, akaita korona adui nambari moja. Na kwa anayedhani masharti makali ndiyo dalili ya chama kinachojali, Uganda inatosha: shule zilifungwa karibu miaka miwili hadi Januari 2022, na kanuni za korona ndizo zilizotumika kumkamata mgombea urais wa upinzani, Bobi Wine, kwenye kampeni Novemba 2020. Watu zaidi ya 50 waliuawa katika maandamano yaliyofuata.

Ukilazimika kuchagua

Kama unaishi kwa kipato cha siku, chama chenye lugha ya CCM ya 2020 kitakuachia soko lako wazi, na chama chenye lugha ya Jubilee kitakufungia jioni na kumpa nafuu jirani yako mwenye mshahara. Hapo usione aibu kupendelea wa kwanza. Kama una mgonjwa wa kisukari nyumbani, au wewe ni muuguzi, au mzee wako ana pumu, hesabu inageuka: unahitaji kujua mapema kwamba wodi zimejaa, na chama cha kauli moja hakitakuambia. Mkulima wa mbali na mjini aliyepata zahanati au darasa kwa pesa za UVIKO ana sababu ya kukisamehe chama, na mzazi wa mvulana wa Kiamaiko hana.

Mimi ningechukua soko la Dar es Salaam na takwimu za Nairobi. Hakuna chama kinachouza vyote viwili kwenye kifurushi kimoja, lakini hakuna kinachozuia visiuzwe. Denmark na Sweden, 2020, zote zilitawaliwa na chama cha Social Democrats. Moja ilifunga mapema, nyingine ikaacha shule za watoto na mikahawa wazi, na zote mbili zikaendelea kutangaza vifo vyao. Kufungua na kuficha si pacha. Tanzania, mtu mmoja ndiye aliyevifunga pamoja.

Ndiyo maana kwenye mkutano wa kampeni nisingemuuliza mgombea kama anaamini chanjo. Atajibu kwa kusoma nyuso za waliohudhuria. Ningemuuliza nani mwenye mamlaka ya kutangaza mlipuko katika wilaya hii, na kama mganga mkuu akitangaza bila kupiga simu juu, atakuwa kazini wiki inayofuata. Ningemwomba amtaje mwanachama mwenzake aliyewahi kumpinga mwenyekiti hadharani juu ya jambo la afya na bado akapitishwa kugombea. Wakenya wenye uchaguzi 2027 wanaweza kuongeza la KEMSA: nani alifungwa?

Kwa Tanzania kuna kipimo cha karibuni zaidi. Machi 2023 Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, ilizuka Kagera. Wizara ilitangaza yenyewe tarehe 21, watu 6 kati ya 9 walioambukizwa walifariki, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Kazi safi, na timu ya Ummy Mwalimu ilistahili sifa ilizopata. Tarehe 14 Januari 2025 WHO ilitangaza kwamba kuna watu wanaoshukiwa kuwa na Marburg Kagera kwa mara nyingine. Wizara, ikiwa na waziri mwingine, ikajibu kwamba sampuli hazikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Januari Rais Samia, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akathibitisha kwamba mgonjwa mmoja amepatikana nao Biharamulo. Chama kilekile, Rais yuleyule, mkoa uleule, ugonjwa uleule. Mgombea ubunge wa Kagera akikuomba kura, muulize hizo siku sita kati ya tarehe 14 na 20 zilikuwa za nini, na yeye alisema nini ndani yake.